Matundu ya Marehemu Eliezeri

Same, Februari 1951

Kaka Manase,

Shikamoo. Maharage uliyotuma kutoka Chome yalifika salama, na mbuzi amezaa.

Shemeji Simeoni ameteremka kutoka huko kuja kutubadilishia paa. Nyasi zilikuwa zimeoza, ni kweli, na mabati aliyoleta yanang'aa hata wapita njia wanasimama. Lakini unakumbuka yale matundu ambayo marehemu mume wangu aliyaacha juu ya kuta ili upepo upite? Aliyaita madirisha ya ndege. Shemeji ameyaziba yote kwa udongo, kama mnavyofanya huko kwenye baridi.

Nilimwambia, "Shemeji, hapa ni Same. Mtoto ataungua."

Akanijibu, "Mtoto mchanga hapigwi upepo. Unataka apate kichomi kama baba yake?"



Kaka, adhuhuri chumba kinakuwa tanuri. Jana Tumainieli aliacha kunyonya, akawa anahema kama kifaranga, na alipolia machozi hayakutoka. Nilimpepea nje kivulini mpaka akashika ziwa tena. Ninaogopa. Eliezeri nilimzika, huyu sitaweza. Shemeji hanisikii mimi, ila wewe anakuheshimu. Teremka useme naye.

Sasa hivi nimezibua tundu moja kwa mpini wa mwiko, lile la juu ya kitanda. Upepo unaingia, na Tumainieli amelala vizuri. Ila namsikia shemeji uani, anakanyaga udongo mwingine.

Mdogo wako anayeangalia njia ya mlimani,
Priska