Ghorofa ya Sita ya Mchezo Wetu wa Bunduki

Ambakisye rafiki yangu,

Huko uliko sijui nani anakuletea habari za dukani, basi nakuletea mimi. Simu za mkononi zimefika Kyela. Watu wanazunguka sokoni wakitafuta mtandao kama wanatafuta kuku aliyepotea. Binti yako Tumpe ameanza darasa la kwanza. Anabisha kama wewe.

Mzee Salimu amelinunulia duka lake kompyuta mpya. Ile ya zamani, tuliyochapia barua za watu na kuchezea mchezo wa bunduki mvua ikizuia wateja, inafutwa kesho ipelekwe shule. Nikamwomba alasiri hii moja. Nilitaka kujua: mchezo ulikuwa mzuri kweli, au mzuri ulikuwa wewe? Na nilitaka kutoka kwenye ile ghorofa ya sita iliyokushinda hadi homa ikakuchukua.

Amba, picha ni mbaya! Kuta zote tofali za kuchoma. Yale madubwana ni bapa kama kadibodi. Ukiyazunguka nayo yanazunguka, hayana mgongo. Nilicheka peke yangu. Lakini mlango wa kwanza ulipofunguka na lile lenye pembe likanguruma, niliruka, kiti kikaanguka. Basi, bado ni mzuri.

Nikakumbuka ulivyokuwa ukifungua kila mlango na kusema "Ugonile!" kabla ya kufyatua, maana kwenu Mwaya mtu haingii nyumba ya watu bila kusalimu. Ulikuwa unapigwa kila mara.

"Wewe Mnyakyusa," Mzee Salimu alikuwa akikucheka, "utamsalimu hata mamba, akuitikie kwa meno!"

"Adabu kwanza, Mzee. Risasi zitafuata."

Uliapa kwamba waliotengeneza ghorofa ya sita walisahau mlango wa kutokea. Leo nimeanzia palepale ulipouhifadhi mchezo, na risasi zako nne. Nimekufa mara kumi na moja. Kisha nikaacha kukimbia, nikapapasa ukuta mmoja mmoja, na nyuma ya mapipa ukuta ukasogea. Mlango upo, Amba! Nikageuka kukuambia, mdomo umeshafunguka.

Kwenye kiti chako alikaa Mzee Salimu. Akatazama barabarani kidogo, halafu akasema, "Mwandikie, mwanangu."

Ndiyo maana nakuandikia. Nilipopita mlango ule mchezo ukauliza jina la kuhifadhi, nikaandika lako, ingawa kesho litafutika. Lala salama, ndugu yangu. Tumpe nitamwambia, naahidi: baba yake alifika ghorofa ya saba.

Wako,
Lugano