Yule Mama Usimwue

Kabanga, Kasulu
Jumatano, baada ya shule

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama, na ya baba umfikishie akitoka msikitini. Natumai karatasi hii inakukuta umekaa kibarazani kwako, mguu umetulia, na Twaha hajakutoroka kwenda mpirani. Mimi ni mzima. Nakula, naswali, na baridi ya huku nimeanza kuizoea, ingawa asubuhi bado navaa masweta mawili na wenzangu shuleni wananicheka. Mjomba Hamisi anakusalimu. Mkewe, Mama Rehema, naye anakusalimu kwa Kiha chake, anasema mwakeye. Ujibu tu hukohuko, nitamfikishia.

Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu ni ya mjomba, na nikiongea nawe hukaa palepale akipanga betri zake kwenye rafu, masikio yote kwangu. Nami unanijua mama. Hata pasipo mtu wa kusikiliza, maneno yangu hufika kooni yakakaa. Kwenye karatasi yanatoka. Kuna mzee wa vitenge anakuja Tanga kesho kutwa, nitampa yeye. Na jambo lenyewe nataka nikwambie wewe kabla hujasikia kwa mjomba, maana yeye analisimulia kama kichekesho.

Unakumbuka nilikwambia mjomba ana banda la video nyuma ya duka. Siku nyingine ni la wanaume na mpira wao, ila Jumapili mchana ni la kina mama, na wengi wao ni wale wanaouguza hospitali ya misheni hapa jirani. Huku mgonjwa akilazwa, ndugu huja naye, anampikia, anamfulia, analala anapopata. Wengine wamekaa miezi. Jumapili wakishawalisha wagonjwa wao wanakuja kukaa kwenye mabenchi ya mjomba wasahau kidogo, kisha saa ya jioni ya kuona wagonjwa wanarudi wodini kuwasimulia waliolala yale waliyoyaona. Ndiyo desturi yao. Kuna wagonjwa wanaoijua tamthilia nzima na hawajaona hata picha moja.

Tamthilia tunayoifuata hapa inaitwa Mpenya Kuta. Kwa Kiingereza ina jina refu lakini hakuna anayelitumia. Ni ya msichana mwenye uwezo wa kupita ndani ya ukuta wowote, wa tofali au wa chuma, akawaokoe watu. Ila kila akipenya ukuta, kumbukumbu yake moja inabaki humo ndani. Ameshasahau nyumba aliyozaliwa. Ameshasahau kuogelea, akaanguka mtoni karibu afe. Mama, nampenda yule msichana kupita kiasi, sikufichi. Mbele ya watu hana maneno, anaangalia viatu vyake. Akifika kwenye ukuta ndipo anakuwa mtu. Usiku nikilala huwa naweka kiganja ukutani, basi tu.

Mkalimani wetu ni mzee mmoja wanamwita Spika kwa ajili ya sauti yake. Yeye hushika kipaza sauti akasema juu ya filamu, wazungu wanaongea chini, Spika anaongea juu. Kiingereza chake kina mashimo, na mashimo huyaziba kwa maneno yake mwenyewe. Sasa, kwenye msimu wa kwanza, mama yake Mpenya Kuta alikufa akazikwa. Spika akawaambia kina mama kwamba lile jeneza ni la jirani, na mama mwenyewe amefichwa na adui ndani ya ukuta mmoja usiopenyeka. Kina mama wakashangilia. Kuanzia siku hiyo tamthilia yote, kwa watu wa Kabanga, ikawa ni ya kumtafuta yule mama.

Aliyeshangilia kuliko wote ni Mama Byamungu. Huyu ni Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, mnene, mcheshi, anakaa benchi la mbele na kugombana na runinga. Alikuja na mama yake mzazi, aliyeletwa kwa gari la kambi kutibiwa hapa, na tangu masika hawajaondoka. Bibi yule hanyanyuki tena kitandani. Kila Jumapili Mama Byamungu akiingia wodini, kabla ya salamu bibi anauliza kama yule mama amepatikana. Mama Byamungu anamjibu bado, karibu. Na akitoka hapo anatuambia sisi kwamba mama yake naye anapona, karibu. Bibi akianza kusema habari za kufa kwake, bintiye humkata: utapona, mama, nyamaza unywe uji.

Msimu mpya tuliungoja hadi tukachoka. Jumapili iliyopita ndipo ulipofika kwetu. Mjomba aliupata kwa fundi wa kunakili filamu kule Kasulu mjini, ukiwa mbichi, Kiingereza kitupu. Na wiki hiyohiyo Spika aling'olewa jino. Shavu lilimvimba kama andazi, mdomoni pamba. Mjomba akanigeukia mimi. Nikamwambia siwezi. Akaniuliza Kiingereza chote kile nilichosomeshwa ni cha kuweka kabatini? Mama Rehema akasema mwacheni mtoto, na mjomba akasema mtoto gani, huyu mwakani anaolewa. Ni utani wake, mama, usishtuke.

Basi asubuhi tukakaa mimi na Spika tukaitazama kwanza sehemu ile ya kwanza, nijiandae. Mwanzo wake mama yangu wee. Msichana amenasa katikati ya ukuta wa gereza, nusu huku nusu kule, na unasikia moyo wake unavyodunda ndani ya zege. Nilisimama bila kujijua. Wamempa na nguo mpya, ya kijivu, siipendi sana, ile ya zamani ilimkaa vizuri zaidi. Anajichomoa, anaokoka, na ndipo unaona ukuta ule umechukua nini. Amesahau kwamba mama yake alikufa. Anatoka pale na rafiki yake kwenda kumtafuta, nyumba kwa nyumba, hadi wanafika makaburini. Kwenye jiwe kuna picha ya mama yake. Msichana anauliza huyu ni nani. Na rafiki yake anamwambia.

Nilimtazama Spika, Spika akanitazama. Picha iko palepale, mama, kubwa, kila mtu wa Kabanga anaijua ile sura. Utasema ni jirani? Spika akatoa pamba mdomoni, akanishika mkono. Mate na damu vilikuwa vinamtoka lakini alisema.

"Mwanangu, yule mama usimwue. Kuna mtu amelala kule anamngoja."

Kisha akarudisha pamba yake. Nilikuwa na uongo nimeutunga tayari: jiwe ni mtego wa adui, picha imebandikwa, mama bado yumo ukutani. Niliukariri nikiosha vyombo. Ulikuwa uongo mzuri, hata Spika aliitikia kwa kichwa kwamba sawa.

Mchana banda lilijaa hadi mlangoni. Walipoona ni mimi niliyeshika kipaza sauti, minong'ono ikaanza. Mmoja akasema leo tutasikia filamu ya mabubu. Mwingine akauliza kama nimelipwa kwa neno au kwa kimya. Nilianza, sauti ikatoka kama ya panya, wakaniambia paza. Nikapaza kidogo. Kwenye lile gereza nikajisahau, nikawa nasema kila kitu, hata pumzi zake, na nikasikia banda limenyamaza. Mama Byamungu alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Nakwambia ukweli, mama, hapo nilifurahi. Ni vibaya, lakini nilifurahi, nikijua kinachokuja.

Mvua ikaanza juu ya mabati. Wakati huohuo makaburi yakatokea.

Picha ilipoonekana, banda zima lilivuta pumzi. Msichana akauliza huyu ni nani. Hilo nililitafsiri. Rafiki akajibu. Na mimi hapo uongo wangu nikautafuta, ukawa umekwenda. Hapana, nisikudanganye wewe. Ulikuwepo, niliuona wote, neno kwa neno. Ila yule msichana kwenye runinga alikuwa anamtazama rafiki yake hivi, anangoja jibu, na machozi hayajatoka bado kwa sababu bado hajui. Nikashindwa. Nikanyamaza. Filamu ikaendelea kwenda, yeye sasa amepiga magoti analia, na kina mama hawajui analia nini.

Mtu nyuma akasema mkalimani amemeza ulimi. Hakuna aliyecheka. Mama Byamungu akasimama, akageuka akaniangalia mimi badala ya runinga.

"Mutoto. Ule rafiki amesema nini?"

Spika alikuwa kando ya ukuta, ananitikisia kidole: hapana, hapana. Nikasema. Nilisema polepole, na mvua ikalifunika neno langu. Mama Byamungu akaweka mkono sikioni, akasema hajasikia. Kwa hiyo, mama, ilibidi nilirudie kwa kupiga kelele, mimi, ambaye mwalimu wa hesabu huja hadi dawati langu ndipo anisikie.

"Amesema ni mama yako. Amesema alikufa, na ulimzika wewe mwenyewe."

Mjomba akaizima filamu, kitu ambacho hajawahi kufanya. Wakaanza kumgeukia Spika. Mmoja akamwita mzee muongo. Mwingine akasema mimi ndiye nimekosea, mtoto wa pwani anajua nini. Spika alijaribu kujitetea, pamba ikamziba, na labda ndivyo alivyopona. Mama Byamungu hakumtukana mtu. Alikaa, akafunga kitenge chake upya, akasema kitu kwa sauti ya chini ambacho mimi tu wa mbele nilikisikia, kwamba lile sanduku lililozikwa siku ile hata yeye alilishuku. Kisha akaniambia niinuke twende. Nikauliza wapi. Akasema kwa mama yake. Yeye mdomo wake hauwezi kulibeba hilo, na aliyelisema ni mimi.

Mjomba alitaka kukataa. Mama Rehema akamzuia kwa jicho.

Tulikwenda kwenye matope. Nilikuwa naomba mvua izidi, daraja likatike, lolote. Wodini saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imeanza. Bibi alikuwa amelazwa karibu na dirisha, mdogo, mdogo kuliko nilivyodhani, macho tu. Nikamwamkia. Akauliza palepale, hakungoja bintiye akae: yule mama je?

Nikamtazama Mama Byamungu anisaidie. Alikuwa anakunja shuka ambayo tayari imekunjwa.

Nikamwambia, "Bibi, hakupatikana. Alikufa zamani. Mtoto alikuwa amesahau."

Niliogopa ataanza kulia, au kitu kibaya zaidi, niliona wauguzi wako mbali. Hakulia. Alifikiri. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea hata kidogo. Aliuliza sasa yule mtoto anakula na nani.

Nikajaribu kukumbuka filamu. Kwenye filamu, baada ya makaburi, anakaa ndani ya gari peke yake na mkate, mvua inapiga kioo. Ningeweza kusema anakula na rafiki yake. Nikasema alivyo: hali na mtu, bibi, anakula peke yake kwenye gari.

"Ile ndiyo mubaya," akasema. "Kufa, kila mutu atakufa." Akamgeukia binti yake, akamshika kwenye ncha ya kitenge kama unavyomshika mtoto sokoni. "Weye usikule peke yako. Unanisikia? Siku ile nikienda, usikule peke yako."

Nilijua Mama Byamungu atasema utapona mama, nyamaza. Mdomo ulifunguka kabisa. Halafu akapiga magoti pale chini, na mwili wake wote ule, akalaza kichwa chake kwenye godoro.

"Nimesikia, mama," akasema.

Nikatoka nje, nikawaacha. Nilikaa barazani na wauguzaji wengine. Walikuwa wanazungumza ndani, kwa lugha yao, kwa muda mrefu. Nilisikia hata wakicheka mara moja.

Bibi bado yupo. Anapumua kwa taabu. Spika hajarudi kwa mjomba, anasema ni jino. Mjomba anataka nikalimani tena na bado sijamjibu. Lakini jana jioni Mama Rehema alimtuma Rehema akamwite Mama Byamungu, naye akaja na sufuria yake ya sombe, kisamvu cha kwao, kichwani, akakaa mkekani kana kwamba ni pake, akaukosoa ugali wangu mbele ya watu wote kwamba ni uji uliokasirika. Alikula hadi mwisho. Kisha akafunga sahani moja, akampelekea mama yake.

Nisalimie baba, nisalimie bibi mzaa baba na umwambie dawa yake ya kifua ya mdalasini huku ndiyo inanisaidia. Msalimie shangazi anayenifumia, masweta yanafaa. Twaha mwambie asiiguse baiskeli yangu. Majirani wa uani wote, na mwalimu wangu wa madrasa, salamu zangu ziwafikie kwa heshima.

Nawe mama usiwe na wasiwasi juu yangu. Ni mimi mwanao uliyemtuma mbali, ambaye huku ugenini hajala peke yake hata siku moja,

Saumu