Umekosea Namba

Alhamisi, 2 Mei

Mhariri kanipa kazi: duka kubwa la mjini na Siku ya Mama. Niandike bila kukwaruza mtu — ndio wanaolipia tangazo la ukurasa wa nyuma. Nimekwenda. Waridi za plastiki mlangoni, maputo, wimbo uleule ukijirudia. Meneja mauzo ni kijana, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Nikamuuliza hizi sikukuu wanazitoa wapi. Zinakuja na katalogi kutoka Marekani, anasema, pamoja na bidhaa zake. Walianza na Ijumaa Nyeusi, siku ya kushusha bei — watu wakapiga simu kuuliza nani kafariki! Oktoba wakaleta maboga yaliyotobolewa macho, ya sikukuu ya mizimu. Wateja wakataka punguzo kwa sababu ya matundu.

"Lakini mama, kila mtu anaye," akasema. "Hii haihitaji maelezo."

Nimenukuu.

Jumamosi, 4 Mei

Siku hii ina mwenyewe. Mwanamke mmoja Mmarekani aliipigania mpaka ikatambuliwa, kisha akamaliza nguvu zake akigombana na wauza maua na kadi. Niliiweka aya hiyo. Mhariri kaikata. Sawa.

Jioni kwa mama. Alikuwa anakunja mashati ya marehemu mdogo wetu, kitindamimba wake. Ajali ya pikipiki, Januari. Anayakunja, anayafungua, anayakunja tena. Nikamsaidia mawili. Vifungo vyote vipo.

Jumanne, 7 Mei

Mdogo wangu anayenifuata kapiga simu kutoka saluni yake, akipayuka juu ya kelele za mashine za kukaushia nywele. Kumbe alimwandikisha mama kwenye shindano la Mama wa Mwaka, duka lilelile — na mama kashinda! Mashine ya kufulia. Anakabidhiwa Jumapili, jukwaani. Ila duka likimpigia kuthibitisha, anawaambia wamekosea namba na kukata. Kila mara.

"Dada, mama anaanza kusahau. Hata namba yake haijui."

Mama asahau? Anakumbuka nani alivunja kikombe gani.

Jumatano, 8 Mei

Nikamuuliza habari ya simu za dukani.

"Wamekosea namba."

"Mama, namba ni yako."

Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nikidanganya kwamba nimeoga. "Yule binti anauliza, naongea na mama wa watoto wawili? Namwambia, umekosea namba."

Watatu. Alikuwa anasahihisha.

Mimi nala kwa kuuliza maswali, na nilichelewa hivyo kuuliza hilo moja.

Na mashine? "Nimewafulia watatu kwa mikono hii. Sasa nguo zimebaki zangu tu, ndio mnaniletea mashine!" Akacheka. Nikacheka. Kicheko kilitoka kama cha jirani, upande wa pili wa ukuta.

Alhamisi, 9 Mei

Saluni. Mdogo wangu, kitana mdomoni: "Wanataka mama mwenye furaha, dada. Ukiandika marehemu wanakuruka."

Nikamwambia awapigie warekebishe.

"Wakimnyima je? Mwache asimame siku moja apigiwe makofi. Tangu Januari anatoka kwenda wapi?" Akaendelea kusuka. Kisha, chini kwa chini: "Halafu nilijaribu kuandika watatu. Mkono ukagoma."

Mteja wake alikuwa ameacha kupumua ili asikose neno.

Mhariri anataka maelezo ya picha ya mshindi mapema. Nimempelekea: "Mama wa watoto ......" Kapiga simu. "Wewe na usahihi wako! Jaza, mwanamke, twende na wakati." Sijajaza.

Jumapili, 12 Mei

Naandika nikiwa kwenye kiti cha plastiki, nje ya duka, wanapoegesha magari. Mama kakubali kuja. Juu ya gauni lake la kutokea kavaa shati la kitindamimba, mikono imekunjwa. Mdogo wangu kaliona, kalinyoosha kola.

Mshereheshaji, koti linametameta: "Mama wa watoto wawili! Mmoja mwandishi, mmoja msusi!" Makofi. Mama kanyoosha mkono, kaomba maikrofoni. Meneja kanikonyeza: ndiyo hiyo, shukrani, andika.

"Umekosea namba," mama kasema.

Watu hoi! Mshereheshaji anajipapasa mifukoni. "Mama, mimi sijapiga simu!" Kicheko tena. Mama anawangoja wamalize.

"Haya, namba sahihi ni ipi, mama yangu?"

"Muulize yule mwandishi. Yule pale, anaandika."

Wamegeuka wote. Maikrofoni imeshuka jukwaani, inakuja mkono kwa mkono. Mdogo wangu kanishika kifundo cha mkono, mwandiko unapinda. "Sema wawili, dada. Nakuomba. Mengine tutayasema nyumbani."

Mama hamtazami mwingine ila mimi. Anaukunjua mkono wa shati, anaukunja, anaukunjua.

Sijisikii kitu. Tangu Januari sijaitamka idadi yetu kwa sauti, wala hakuna aliyeniuliza.

Maikrofoni imefika kwa bibi aliye mbele yangu. Anaigonga kwanza kwa kidole, kuhakikisha inasikika —