Kona ya Nyumba Yetu Upande wa Mtaro

Baba Omondi, mume wangu,

Nakuandikia hapa mezani jikoni, mlango ukiwa wazi. Nje kumetulia vile Eldoret hutulia asubuhi watu wakishaenda kanisani. Mimi leo sikwenda. Nimetaka kukusimulia habari za nyumba, maana nikimwambia mtu mwingine "ile kona ya upande wa mtaro" hanielewi mpaka nimpeleke akaione. Wewe unaijua.

Tulikuzika nyumbani kama ulivyotaka, mahali ambapo mtu akisimama anaona ziwa. Nilikaa kule na ndugu zako mpaka matanga yakaisha, na niliporudi huku watu walikuwa wameanza kuvuna mahindi. Nilifungua geti nikaona paa limeinama upande mmoja. Nikazunguka nyuma na mfuko wangu bado mkononi. Mvua ilikuwa imejaza mtaro wa barabara, maji yakakosa njia yakapita chini ya nyumba, na ukuta wa msingi ukabomoka pale chini ya chumba chetu. Mawe yalilala kwenye tope. Shimo lililobaki mbuzi angeweza kuingia na kulala. Juu yake ukuta wa chumba ulikuwa unaning'inia tu, na ufa umepanda mpaka kwenye dirisha. Nikakuita. Nilikuita kwa sauti, "Baba Omondi, hebu njoo uone," kama vile uko sebuleni na gazeti lako. Jirani aliyekuwa anaanika nguo akaniangalia, kisha akaangalia pembeni.

Unakumbuka tulivyoinunua? Nilikuwa nimechoka na zile nyumba za wafanyakazi wa reli, choo kimoja watu wote. Ukasikia yule mzee mwenye duka la vitambaa anahamia kwa watoto wake ng'ambo na anauza nyumba yake ya zamani. Siku uliyonileta kuiona nilikuwa nimevaa gauni jepesi, bado na akili za kule kwetu kwenye joto. Nilitetemeka mpaka meno yakagongana. Ukanivika koti lako la kazini, lililonuka mafuta ya taa za reli, ukasema, "Hapa ni Eldoret, Mama. Hapa mume wa kwanza ni blanketi. Mimi ni wa pili." Tulicheka ndani ya vyumba vitupu mpaka vikaitika.

Ufa wa kona ile ulikuwepo hata siku hiyo. Kila kiangazi ulikuwa unakoroga simiti kidogo kwenye karai, mimi nakushikia, unaziba huku unapiga mluzi. Ukimaliza unasimama nyuma, mikono kiunoni: "Imekubali. Tutaonana mwaka kesho." Niliipenda ile kazi ndogo kuliko sikukuu nyingi. Tulikuwa wawili tu, mtoto akiwa shule, na hukuwa na haraka ya kwenda popote.

Kaka yako Odera alikuja kabla ya Krismasi. Alizunguka nyumba mara moja, akaja akaketi, hakugusa chai.

"Shemeji," aliniambia, "mji si mahali pa mwanamke kukaa peke yake. Uza hii kabla haijaanguka. Kule nyumbani kuna boma, kuna sisi. Mtu ataangaliwa."

"Mtu ataangaliwa na nani?"

Akatazama kofia yake. "Mambo ya desturi unayajua. Hayo tutazungumza kule."

Niliijua, ile ya mjane kurithiwa na ndugu wa mume, na sikumkasirikia. Ni ndugu yako, na macho yake yalikuwa mekundu kama yangu. Lakini nilielewa kwamba nyumba ikianguka sitakuwa na neno la kumjibu. Mwanamke asiye na paa hubebwa pamoja na virago vyake. Nikamwambia nitafikiri. Alipoondoka nilichukua baiskeli yako, nikaisukuma hadi sokoni, nikamuuzia mkulima mmoja wa maziwa. Alipiga kengele yake mara mbili kujaribu. Nikageuka haraka nikaenda kutafuta simiti.

Fundi anaitwa Njoroge, mtu wa makamo, wazazi wake walikuja huku kutoka Murang'a kulima. Alichungulia lile shimo akiwa amelala kifudifudi.

"Mama, nyumba haijachoka. Kilichochoka ni hii kona," akasema. "Lakini hapa hatuchimbi yote pamoja. Tukichimba yote, inalala. Tunachimba kidogo, tunajenga, tunaacha ishike, ndio tunaenda kwa ingine."

Aliegemeza ukuta kwa miti ya mikaratusi iliyoletwa na lori kutoka Kaptagat, akaniambia nitoke chumbani. Nikahamisha kitanda nikakaa kwenye jiko la nje, mimi na cherehani yangu na picha yako. Asubuhi nashona sare za shule kwenye baraza la duka kule mjini, mchana narudi kumkorogea Njoroge simiti. Alinikataza mwanzoni. Nikamwambia nimekuwa nikishika karai kwenye kona hii tangu yeye hajaoa. Siku iliyofuata akaniletea sepeto yenye mpini mfupi.

Mawe yalipoletwa, dereva aliyamwaga mbali, barabarani, akasema lori halipiti. Kina mama wa kanisa wakasikia, Jumamosi wakaja wengi na kanga viunoni, wakaanza kupokezana mawe huku wakiimba. Kwa mara ya kwanza tangu uondoke nilisikia sauti za watu kwenye uwanja wetu. Hazikudumu. Alikuja askari wa chifu pamoja na kijana wa chama tawala mwenye beji kifuani.

"Huu ni mkutano wa nini?" kijana akauliza.

"Ni mawe," nikasema.

"Kibali kiko wapi?"

"Kibali cha kubeba mawe?"

"Mama, usinifundishe kazi. Watu wengi hivi pamoja ni mkutano, na mkutano lazima chifu aujue."

Askari, mtu mzima, alikuwa anatazama chini kwa aibu, lakini naye akasema ni afadhali watu waende nyumbani. Wakaenda. Hakuna aliyebishana, si unajua siku hizi mtu hajui neno lake litafika wapi. Nilibaki barabarani na lile rundo. Nilibeba jiwe moja mpaka kwenye kona, nikarudi nikabeba lingine, na jua lilipozama lile rundo lilikuwa bado vilevile. Hapo ndipo nililia, Baba Omondi. Kule msibani nilikuwa nimelia na watu. Siku ile nililia peke yangu, nimekaa juu ya mawe, na watu wanapita wanakwenda zao.

Kuanzia Jumatatu kina mama wakaanza kuja wawili wawili. Anakuja huyu na mwenzake, wanasema wamekuja kunisalimu. Wananisalimu, wanabeba mawe, wanaondoka bila wimbo. Hivyo ndivyo yalivyofika yote.

Njoroge alijenga kona ile kipande kwa kipande, akiangalia kwa timazi kama kila jiwe limesimama wima. Akachimba njia mpya ya maji kutoka mtaroni kuzunguka nyumba. Kuna siku mti mmoja wa kuegemeza uliteleza, ukuta ukatoa mlio, vumbi likanimwagikia kichwani. Njoroge akanivuta mkono tukakimbia hadi kwenye ua. Tulisimama pale tunasubiri. Ukuta haukuanguka. Akawasha sigara, nami nikamwambia nilikuwa namwomba Mungu. "Mimi pia," akasema, "kwa Kikuyu, ndio ifike haraka."

Mvua za Machi zilipoanza nilikuwa nimesharudi chumbani. Maji yalipita njia yake mpya. Sakafu ilibaki kavu. Njoroge amepata kazi Turbo, hayuko tena wa kuongea naye mchana. Mwanao Omondi anaandika kutoka Machakos, anakofundisha, kwamba shule imemshika. Nyumba iko imara, na mimi nazunguka ndani yake nikifunga milango ya vyumba ambavyo hakuna mtu. Bado napika ugali mkubwa. Bado nalala upande wangu wa kitanda, ule wa ukutani.

Odera alirudi wiki iliyopita. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona, akaigonga kwa fimbo, akainama kuangalia kiungo cha mawe.

"Kwa hivyo umeamua," akasema.

"Nimeamua. Siku yangu ikifika, mtanibeba mnipeleke kule nikalale karibu naye, sitakataa. Lakini maisha yetu tuliyaishi hapa, shemeji. Niacheni nimalizie hapa."

Nilidhani atanikemea. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, ni kiti gani ulichokuwa unakalia jioni. Nikamwonyesha. Akakaa, akaweka kofia yake juu ya goti, akawa anatazama dirishani. Safari hii alikunywa chai. Basi la mchana lilipokaribia akaondoka, na getini akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Nikarudi ndani nikaosha vikombe viwili. Vilikuwa viwili, Baba Omondi. Nikavifuta polepole, nikakaa navyo mkononi kabla ya kuvirudisha kabatini.

Pumzika huko unakoliona ziwa. Mimi niko.

Ni mimi mke wako,
Mama Omondi