Twiga Akishikwa na Kiu

Mama, shikamoo kutoka Burigi, huku Muleba.

Leo nimemwona twiga akinywa maji. Shingo yote ile, na bado haifiki chini! Alitanua miguu ya mbele kidogo kidogo, akatazama huku na huku, ndipo akainama. Askari wa hifadhi anasema mishipa ya shingo ina vizuizi ili damu isimjae kichwani. Maji mengi huyapata kwenye majani. Hainami mpaka kiu imzidi.

Nikakumbuka Krismasi nilivyokusalimia nimesimama wima, eti suruali inabana magoti. Ulinipakulia ndizi, ukaenda kukaa jikoni peke yako.

Nimekukumbuka mno, waitu, mama yangu mpendwa. Jumamosi nakuja Kashozi na gauni pana. Nikipiga magoti, usiniinue haraka.

Mwanao, Koku