Jina la Mwisho kwenye Jiwe

Cwmhelyg, Wales
Jumatatu baada ya Jumapili ya Maua, 1963

Kaka mpendwa Idris,

Salamu nyingi zikufikie huko Liverpool, wewe na wifi na watoto. Natumaini kikohozi kimekuachia, na kwamba wifi bado anakuvumilia. Sisi huku tu wazima, ila mvua haina adabu na mgongo wa Bibi unamsumbua. Masikio yake ni yaleyale. Jirani amwite kwa jina lake, Gwenllian, mara tatu ndipo ageuke, halafu amuulize kelele za nini. Ajabu ni kwamba mimi nikifungua kopo la biskuti jikoni, anasikia akiwa bustanini.

Umezoea kunicheka kwamba pua yangu haitulii mpaka ijue mambo ya watu. Safari hii sidhani kama utacheka, kwa hiyo kaa kitako usome.

Unajua kanisa lilinipa kazi ya kukusanya habari za ile ajali ya treni ya mwaka 1888, kwa ajili ya jiwe jipya litakalozinduliwa Jumamosi. Nimezunguka nyumba kwa nyumba, nikinywa chai mpaka tumbo likawa pipa. Kisa chenyewe tumekua nacho. Watoto wa makanisa mawili, letu na la bonde la pili, walipelekwa baharini sikukuu ya Pentekoste. Wakati wa kurudi, treni ikipanda mlima, mabehewa ya nyuma yalichomoka, yakateremka kinyumenyume na kupinduka darajani. Bibi alitolewa humo akiwa na miaka mitano, uso umeungua, hawezi kusema neno. Kati ya walionusurika, yeye ndiye pekee aliye hai mpaka leo katika bonde letu, na ndiye atakayefunua jiwe.

Majina yote yalikuwa tayari, isipokuwa la yule mtoto wa kike aliyezikwa bila jina. Evans Mawe, mchongaji, akawa ananifuata kama deni. Alitaka jina kabla ya Alhamisi, na akanionya kwamba jiwe si ubao wa shule, ukikosea hufuti.

Wiki iliyopita akaja Bi Marged Prosser kutoka bonde la pili, mzee wa miaka themanini na kitu, amevaa kofia nyeusi na amekasirika tayari. Alisema mdogo wake, Kezia, hakurudi siku ile, na watu wote waliamua kwamba mtoto yule asiye na jina ndiye. Lakini mama yao alimtazama yule maiti akasema, "Huyu si wangu." Wakasema uchungu umemvuruga akili. Yeye akashikilia mpaka anakufa: Kezia alikatwa kidole kidogo cha mguu wa kushoto na gurudumu la toroli la makaa, na marehemu alikuwa na vidole vyote.

Nikamuuliza kwa nini hawakuwaangalia watoto walionusurika. Akanitazama kama mjinga. Akasema kila Pentekoste watoto hushonewa nguo mpya, na mwaka ule akina mama wa makanisa yote mawili walinunua jora moja la kitambaa. Nyuso hazikuwa za kutambulika, kwa hiyo watu walitambua gauni. Na mama aliyekwisha kumpata wake hai, nani angethubutu kumvua mtoto huyo soksi?

Idris, mimi ndiye ninayemkata Bibi kucha tangu mgongo umkamate. Mguu ule naujua, na vidole vyake ni vinne. Nikakirudisha kikombe mezani bila kunywa, Bi Marged akaniuliza kama chai ni ya moto. Kisha akasema daktari amemwambia moyo wake umechoka, na kabla haujasimama anataka kujua kama maua anayomwekea mtoto yule ni ya ndugu yake au ya mtoto wa watu.

Nilimdanganya. Nilisema nitachunguza. Siku zilizofuata niliogopa hata kumtazama Bibi akivaa viatu.

Jana watu wakapanda makaburini na ndoo za chokaa na maua, kama kawaida ya Jumapili ya Maua. Mimi nilitangulia, na nikamkuta Bibi amepiga magoti kwenye kaburi lile lisilo na jina. Alikuwa amekwisha kulipaka chokaa likawa jeupe, na la Babu bado lina kuvu. Nikamweleza maneno ya Bi Marged, yote. Hakugeuka. Nikamuuliza waziwazi yeye ni nani.

Akasema jina lake alilijua hata ndani ya bandeji. Walipomwita Gwenllian alikataa kuitika. Lakini mama wa Gwenllian, yule wa kwenye picha ya sebuleni, alikaa kitandani kwake akimlisha kijiko kwa kijiko. Bandeji zilipotolewa alimtazama muda mrefu, akautazama mguu, akamvalisha soksi na kusema, "Mwanangu." Tangu hapo, mtoto akikaribia mlango, mama analia. Bibi akaniuliza yeye, mtoto wa miaka mitano, angetokaje.

Nilikasirika, kaka, sitaki kukuficha. Nikamwambia alipokuwa mtu mzima mama yake alikuwa hai upande wa pili, mlima mmoja tu! Akajibu kwamba mlima aliuweza, ila hakuwa na uso wa kwenda nao. Kisha akaokota brashi. "Mkate wa mtoto huyu nimeula mimi," akasema. "Angalau nimpake chokaa."

Tukalia pale kama wajinga, chokaa imetujaa mikononi. Alipomaliza kulia akaniamuru nimwambie Evans achonge Gwenllian, na nimlete Bi Marged kesho yake. Nikasema watu watatusema. Akasema wameisema kofia yake miaka thelathini na hajafa.

Basi Bi Marged amefika. Amekataa chai, amekataa kuvua koti, amesema anataka kuuona mguu kwanza. Wamo sebuleni, mlango umefungwa, nami nakuandikia jikoni huku nikiogopa moyo wa mmoja na ulimi wa mwingine. Njoo Jumamosi, hata kama itabidi ukope nauli. Mbusu wifi na watoto kwa niaba yangu, na usiwaambie neno mpaka

Ngoja, Idris. Nilisimama kwenda kufungua mlango wa sebule. Nikamsikia Bi Marged akiita, mara moja tu, kwa sauti ndogo kuliko ya mtu anayesali: "Kezia."

Na Bibi yetu kiziwi akaitika palepale, kama mtoto aliyeitwa kutoka uani:

"Abee!"

Dada yako akupendaye,
Olwen