Bi Hannelore na Eda ya Mama Mdogo

Jumapili, 6 Disemba 1970
Mjerumani kafika Maskati. Bi Hannelore — suruali, sigara, sauti nzito. Anatengeneza senema ya sisi tuliotoka Unguja. Mimi mkalimani wake, kwa Kiingereza changu cha skuli. Mama kamkaribisha kahawa na halua, kisha kaniuliza: huyu ana mume? Alikuwa naye, wameachana, mtengeneza senema vilevile. Miaka yote bibi akikata na kuunga picha, jina likitoka la bwana. Hii ndiyo ya kwanza yenye jina lake. Nikamwonea huruma.

Jumanne, 8 Disemba
Kamtaka mama mdogo Mahfoudha kwenye senema yake. Nikamwambia yumo edani, mumewe kafa juzijuzi tu, haonekani na wanaume. Basi mpiga picha wake abaki nje, kasema, kamera atashika mwenyewe. Mama mdogo akaridhika — mwanamke mwenzetu. Akasimulia jela ya Unguja ilivyommaliza mumewe, akaja huku kuzikwa tu. Nilifasiri neno kwa neno.

Alhamisi, 10 Disemba
Nimemuuliza senema itaonyeshwa wapi. Televisheni, Ujerumani nzima. Na wanaume? Akacheka: nao wana macho.
Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri hilo. Sote tulilinda mlango! Nikamwambia mama mdogo. Hakugomba. Alijifunika, akasema mwambie anirejeshee uso wangu.

Ijumaa, 11 Disemba
Bi Hannelore kalia, kweli kalia. Bila ya mjane hana senema, na yule bwana atamcheka. Lakini kautoa mkanda mbele yetu, kauanika wote juani mpaka ukaharibika. Nikamshika mkono, nikamwita dada.

Jumamosi, 12 Disemba
Leo kanambia nikae mimi badala ya mama mdogo. Maneno yote nnayajua, uso nifunike nusu. Nikasema sijaolewa hata. Haidhuru, kasema, kule nani atajua? Kaninunulia nguo nyeusi sokoni. Mama mdogo avaa nyeupe, hata hilo hakuliona.
Babangu walimchukua Januari ile ya mapinduzi, na nguo zake za kulalia, mimi nnatazama. Wiki nzima nnakaa ubavuni mwa bibi huyu nikifasiri vifo vya watu. Cha babangu hajaniuliza.
Nnamsikia ukumbini akivuta viti. Ananiita — Hind, upesi, mwanga unatuondokea. Nguo nimeshaivaa. Sijui nikikaa pale nitamlilia nani.